Mama Mkwe Nyuma ya Leso

Gona alikuwa mtu wa feri. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya magari yanapoingia, akiyaita na kuyasimamisha kwa mikono miwili, mpaka lori la mkonge na basi la Malindi yakae ubavu kwa ubavu bila kukwaruzana. Ilikuwa miaka ya themanini, kabla Kilifi haijapata daraja, na kila aliyetoka Mombasa kwenda kaskazini alipita mbele ya mikono ile. Wasafiri walimjua kwa sauti yake. Sisi majirani zake wa Mnarani tulimjua kwa mkeka wake.

Mkeka huo ulitandikwa uani kila jioni, jua likianza kupoa. Kache, mkewe, aliweka sinia la sima katikati na bakuli la kitoweo kando yake, na wote wanne wakalizunguka sinia: Gona na Kache, kijana wao Fondo aliyekuwa darasa la saba, na Kadzo mdogo, ambaye bado alikula kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemega kabla wote hawajanawa. Mmoja akichelewa, wengine walingoja, sima ikipoa na Kadzo akinung'unika.

Nyumba nyingi za Kigiriama pale jirani hazikula hivyo. Mwanamume alikula barazani na wanawe wa kiume, mke na mabinti wakala jikoni. Jambo la Gona kula na mkewe mkeka mmoja lilichekwa mpaka ndani ya feri.

"Nasikia kwako unakula na wanawake," Ochola, mwenzake wa zamu, alimwambia. "Angalia ndevu zisikuhame."

"Zihame tu," Gona alimjibu. "Zinaingia kwenye mchuzi."

Sababu alikuwa nayo, ingawa hakuisema sana. Kabla ya kuoa alifanya kazi katika shamba la mkonge, akilala kambini, na huko kila mtu alipika chake kwenye kopo na kukila akiwa ameegemea ukuta. Alisema katika miaka ile alikuwa akimeza, hakuwa akila. Alipopata nyumba yake aliweka sharti moja tu: chakula cha jioni ni cha wote, na kila anayeketi aje na habari moja ya siku.

Habari zenyewe zilikuwa ndogo. Ya Kadzo kwa kawaida ilimhusu paka. Lakini ndogo hizo ndizo zilizoendesha nyumba. Ni pale mkekani Fondo aliposema, kwa kujisifu, kwamba amepata rafiki mwenye mwandiko mzuri ambaye humwachia daftari lake anakili. Gona aliacha kutafuna. "Kwa nini unakili kwake, na ubaoni kumeandikwa?" Ndipo ikajulikana kwamba kijana hauoni ubao vizuri, na hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa hakujua kwamba wengine wanauona. Wiki iliyofuata alihamishiwa dawati la mbele. Na pale pale ndipo ugomvi wa Gona na Kache ulipokufia, maana ni vigumu kumnunia mtu ambaye mkono wake na wako umo katika sinia moja.

Kwetu, ng'ambo ya ua wa michongoma, mambo yalikuwa mengine. Baba yangu, Thuku, alichukua sahani yake akaenda nayo kwenye redio. Mama yangu, Waruguru, alikula jikoni akiwa amesimama. Nami, nikirudi likizo kutoka chuo kikuu, nilikula na kitabu dirishani. Dirisha hilo lilitazama ua wa Gona. Nakiri kwamba jioni nyingi kitabu hakikusonga ukurasa.

Kisha akaja Bi Kahonzi.

Alikuwa mama yake Kache, mjane wa Matsangoni. Mumewe alikufa zamani akawaacha wake wawili, yeye na Mbeyu, katika boma moja. Walikuwa wake wenza waliogombana juu ya kila kitu, kuanzia kuni hadi jina la mbuzi, na waligombana wakila sahani moja. Mwaka ule Mbeyu alikufa. Kache alipokwenda kumtazama mama yake alikuta sima yake inaliwa na kuku, na mifupa ya mabega imejitokeza kama vitundikio vya nguo. Akamfungia vitu vyake akaja naye.

Sasa, kwa desturi yao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na kuonana wakiwa na chakula kinywani ni aibu kubwa. Siku Bi Kahonzi alipovuka, Gona alikuwa zamu. Alipomwona anateremka kwenye gati, ameshikwa mkono na Kache, alimwachia Ochola magari, akaenda mwisho kabisa wa feri akasimama huko akitazama maji.

"Umeona simba?" Ochola alimuuliza.

"Nimeona mkwe."

"Huyo mama mwembamba hivyo ndiye anayekukimbiza?"

"Wembamba wake ndio unaonitisha," Gona alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Bi Kahonzi akapewa chumba cha nyuma kilichofungukia jikoni, na mkeka wa Gona ukakatika vipande viwili. Kache na Kadzo walikula jikoni na mgeni. Gona na Fondo walibaki uani. Fondo, akikosa watu wa kumsikiliza, alikula haraka akakimbilia mpira. Gona akajikuta yuko peke yake, mgongo ukutani, kama kambini. Haikupita muda akaanza kununua viazi vya karai pale gatini na kurudi nyumbani ameshiba. Habari za siku zikakosa mahali pa kutua. Kache alipata kusikia sokoni, kwa mtu baki, kwamba mwanawe amechaguliwa kuchezea timu ya shule.

Hayo yote wangeyavumilia kama Bi Kahonzi angekula. Hakula. Kila jioni alimega matonge mawili, akayazungusha kwenye mchuzi, akasukuma sinia. Walimpeleka hospitali; daktari akampima, asione ugonjwa, akasema apewe chakula anachokipenda. Gona akaanza kuleta vitu kutoka gatini: changu, pweza, ndizi za Mtwapa. Aliviweka mlangoni pa jiko akaondoka.

"Mwambie mumeo Mungu ambariki," Bi Kahonzi alisema, "lakini tumbo limefunga mlango."

Kisha akaanza kuomba arudishwe Matsangoni. Alisema anataka kuwa karibu na Mbeyu. Kache alijua maana yake. Mbeyu alikuwa amezikwa nyuma ya boma, chini ya mkorosho, na pembeni yake palikuwa na nafasi.

Jioni moja Gona alitoka zamu mapema. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nje ya ukuta wa jiko, akimsimulia Fondo kisa cha siku hiyo kwa sauti yake ya feri. Basi moja lilikuwa limepakia mbuzi juu ya paa. Feri ilipofika katikati, mbuzi mmoja akaruka kutoka paa la basi hadi juu ya lori la kabichi, akala mpaka wakafika ng'ambo, kisha akaruka kurudi kwenye basi lake.

Ndani ya jiko, sauti kavu ikasema, "Kache, mwambie mumeo mbuzi harudi kwenye kamba akishapata kabichi."

Fondo akamtazama baba yake. Hakuna aliyewahi kumsikia bibi huyo akisema neno kumhusu mkwewe ila la shukrani.

"Fondo," Gona akasema polepole, akiangalia ukuta, "mwambie hawe, bibi yako, kwamba mbuzi yule alikuwa wa Ganze. Mbuzi wa huko hawana akili."

"Mwambieni mimi nimezaliwa Ganze."

"Mwambie basi najua nisemalo."

Kadzo alicheka kwa sababu Fondo alicheka. Lakini Kache hakucheka, maana alikuwa akitazama mkono wa mama yake. Bi Kahonzi, kwa hasira, alikuwa amemega tonge kubwa, akalichovya, akalitia kinywani, akatafuna kama mtu anayejipa nguvu za kujibu. Akamega jingine. Alipomaliza kueleza tabia za mbuzi wa Ganze, upande wake wa sinia ulikuwa mweupe.

Kache akatoka nje kama anayekwenda kuchukua maji. Akamwinamia mumewe. "Usinyamaze."

"Kisa kimekwisha."

"Ongeza uongo."

Kesho yake Kache alifunga kamba kutoka nguzo ya jiko hadi kwenye mpapai, akatundika leso yake moja ya kujitanda. Akatandika mkeka huku na mkeka kule, yeye na Kadzo wakakaa ukingoni, mahali walipoweza kuonekana na pande zote mbili. Bi Kahonzi alisimama mlangoni akalitazama jambo hilo kwa shaka.

"Nitamsikia akitafuna," alisema.

"Naye atakusikia wewe, mama. Kusikia si kuona."

"Siku hizi mmekuwa wanasheria." Lakini aliketi.

Majirani walikuja kuchungulia, na mama yangu alikuwa wa kwanza. Ochola alipopata habari alimuuliza Gona kama leso hiyo nayo anaisalimia shikamoo. Gona alisema ndiyo, na huitikia kwa adabu kuliko yeye Ochola. Hakujali. Fondo aliacha mpira ukimngoja. Maneno yalipita kwa "mwambie" na "mwambieni," watoto wakiwa matarishi, na ilikuwa kazi waliyoipenda, kwa kuwa njiani waliweza kuongeza chumvi. Bi Kahonzi hakukubali habari yoyote ya feri bila kuikwaruza. Ikiwa Gona alisema lori lilibeba magunia mia, yeye alisema halingepanda mteremko. Akisema mvua inakuja, yeye alisema magoti yake hayajaambiwa. Na kila alipopinga, alikula.

Baada ya muda akaanza kuleta habari zake mwenyewe. Zilikuwa za Mbeyu: jinsi alivyopika mboga ya mtsunga bila kuipunguza uchungu, makusudi, ili mwenzake asiimalize, jinsi walivyomficha mume wao siku askari wa kodi walipokuja, mmoja akisema amekwenda kaskazini na mwingine kusini, mpaka askari wakagombana wao kwa wao. Fondo hakuwa amewahi kujua kwamba babu yake aliwahi kukaa siku nzima ndani ya ghala la mahindi. Jioni ile Bi Kahonzi alimwomba Kache ampikie mtsunga, na uwe mchungu.

Mashavu yakarudi. Neno "mwambie" likaanza kusahauliwa, Gona akisema moja kwa moja kwa leso, na leso ikimjibu.

Hapo ndipo Kadzo alipoharibu mambo. Siku hiyo kulikuwa na samaki wa nazi, na mtoto alikuwa amelowa mchuzi mpaka viwikoni. Alipomaliza alifanya alivyofanya tangu alipojua kutambaa: aliishika leso iliyo karibu akajifutia mikono. Hakufuta kwa upole. Leso ikamfuata, na kamba ikaifuata leso.

Gona alikuwa na kichwa cha changu kinywani, mfupa ukitoka kando. Bi Kahonzi alikuwa amejaza shavu moja, ushungi umemwangukia mabegani, na alikuwa akicheka. Wakatazamana. Kisha Gona akaruka, akapiga teke bakuli, akatoka mbio mpaka barabarani, samaki akiwa naye. Hakujua ateme au ameze. Mama yangu alimkuta huko akamuuliza kuna nini, naye alijibu kwa mikono, kama anayeirudisha feri nyuma.

Bi Kahonzi alijifunika kichwa akaingia ndani. Kache alimkuta akikunja nguo.

"Kesho nirudishe Matsangoni."

"Mama, ni mtoto."

"Mkwe ameniona kinywa wazi. Nikae hapa na uso gani?"

Asubuhi chai yake ilipoa juu ya kiti. Mchana hakula. Kache alikaa jikoni akililia mafiga, na Gona hakuweza hata kukaribia ua wake mwenyewe. Alikwenda kwa Mzee Tsuma, baba yake mkubwa, aliyekuwa akiishi karibu na minazi yake na mara chache alionekana mbali nayo.

"Mmeonana mkila?" Tsuma aliuliza.

"Tumeonana, baba mkubwa."

"Nani aliyevuta leso?"

"Kadzo."

"Huyo bado hajang'oka hata jino. Basi hili ni jambo la kadzama moja." Kadzama ni kile kibuyu cha tembo kinachopelekwa kwa mtu unapotaka kusuluhishwa naye.

"Wewe ungesema hivyo hata nyumba ikiungua."

"Nyumba ikiungua ningesema mbili."

Wakaenda na kadzama na kuku jike. Tsuma alikaa nje ya mlango wa chumba cha nyuma, kibuyu mbele yake. Gona alisimama nyuma ya nyumba, mahali pa kusikia bila kuonekana, Fondo kando yake. Nami nilikuwa nimekaa na Kache jikoni, kwa kuwa aliniita nimshike Kadzo, aliyekuwa ameelewa kwamba amefanya kosa lakini si kosa gani.

"Mama Kache," Tsuma alianza, "mkwe wako amekosa na ameleta hiki."

"Amekosa nini? Alikuwa anakula kwake."

"Basi mtoto amekosa."

"Mtoto alifuta mikono. Leso kazi yake ni nini?"

Tsuma akakishika kibuyu shingoni. "Basi kadzama hii nirudi nayo?"

"Nani amekwambia urudi nayo?"

Kisha Bi Kahonzi akasema, na sasa sauti haikuwa ya kupinga, "Tsuma, mimi na Mbeyu tulikula pamoja tangu tukiwa wasichana. Alipokufa nilifunga chakula. Nilidhani ni heshima yake. Watu wote waliona nimekonda wakasema, Kahonzi ana huzuni kweli. Sasa huyu kijana amenikuta nimejaza shavu na ninacheka. Atasema nini? Atasema machozi yangu yalikuwa ya maonyesho."

Tsuma, aliyekuja na majibu ya kadzama moja, alikisogeza kibuyu kando. Alikikuna kichwa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba, ya chini kuliko sauti ya feri.

"Baba mkubwa, mwambie mama kwamba sikumwona akicheka. Nilikuwa natazamana na kichwa cha samaki."

"Mwambie huo ni uongo," alisema Bi Kahonzi.

"Mwambie ni uongo. Mwambie nilimwona, na usiku niliporudi kulala nilimwambia Kache kwamba sijaona jambo zuri hivyo katika nyumba hii. Mwambie Mbeyu simjui, lakini kwa visa vyake ninavyovisikia jioni, huyo si mtu wa kutaka mwenzake afe njaa. Huyo ni mtu wa kutaka mwenzake aishi ili agombane naye."

Mle jikoni Kache alikuwa amekamata ukingo wa nguo yangu bila kujua.

"Mwambie," Bi Kahonzi alisema mwishowe, "Mbeyu angekula mtsunga wote peke yake siku ya mazishi yangu."

"Mwambie ndio maana tunamhitaji yeye asimulie. Mimi ninazo za feri tu, na za feri bila mtu wa kuzipinga hazina ladha."

Kikohozi kilitoka ndani, au kilikuwa kicheko kilichokoholewa. Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono mwembamba ukatoka, ukaivuta kadzama ndani. Tsuma aliifuata kwa macho mpaka ilipotoweka.

"Nitakaa," sauti ilisema. "Lakini leso si ukuta. Leso ni nguo. Anayetaka kula na mkwe wake na ajenge kitu cha maana."

Gona alijenga siku ile ile. Alisuka makuti mawili mawili, akayafunga kwenye fito za mkoko zilizochimbiwa chini, tangu jiko hadi mpapai, marefu kumzidi mtu aliyeketi, na chini akaacha uwazi wa kupitisha bakuli. Bi Kahonzi aliukagua ukuta huo akiwa peke yake, akausukuma kwa bega, akasema utafaa ukipigwa msumari mmoja zaidi. Ukapigwa.

Kisha akaamuru kuku wa suluhu achinjwe, asingojwe. Sisi tulialikwa pia. Mama yangu aliketi mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikula jioni bila kusimama, na baba yangu, baada ya kuitwa mara kadhaa, aliizima redio akaja, akanawa, akakaa upande wa wanaume. Ochola alikuja bila kualikwa, akatazama ukuta wa makuti akasema sasa amejua kwa nini Gona anaweza kupanga malori.

Kache alipakua. Firigisi, ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba, aliiweka mbele ya mumewe. Gona aliitazama, kisha akaitia kwenye kibakuli, akakisukuma chini ya makuti.

"Firigisi ni ya mwenye nyumba," sauti ilisema kutoka upande wa pili.

"Mwambieni mwenye nyumba ameshiba."

"Hajaanza kula bado, nimehesabu."

"Basi mwambieni ina mfupa."

Firigisi haina mfupa, na kila mtu alijua. Wote tulinyamaza, wa huku na wa kule, hata Kadzo, tukisikiliza. Kisha tukamsikia Bi Kahonzi akitafuna.